Chawa Waliokataa Kufa Maji

Nyumba ya dada wawili ilikuwa na amri moja tu ya maandishi, imebandikwa nyuma ya mlango wa mbele: KAZI YA MTU IISHIE KAZINI. Aliyeiandika ni dada mkubwa. Huyo alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa chumba hichohicho cha mbele, chenye viti vitatu, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, draya inayonguruma kama pikipiki, na benchi la wanaosubiri zamu. Yeye mwenyewe hakuifuata amri yake. Nywele za wateja zilifika mpaka jikoni. Amri ilimlenga mdogo wake, ambaye kila siku saa kumi na moja jioni alipita katikati ya wateja, akasalimia kwa adabu, akaingia moja kwa moja chumbani asije akaulizwa anatoka wapi.

Alikuwa anatoka kuhesabu chawa.

Tuelewane mapema, kabla hujaanza kujikuna. Hawakuwa chawa wa watu. Walikuwa chawa wa sili, yule mnyama wa baharini mwenye masharubu na macho ya mtu anayetaka kukuazima kitu. Chawa wa sili hana haja na kichwa cha binadamu. Amezaliwa juu ya sili, anakula kwa sili, na sili akipiga mbizi kutafuta samaki, chawa naye huyo, kang'ang'ania unywele kwa kucha zake, mpaka chini kwenye giza na baridi, na kurudi. Mambo haya yote mdogo mtu aliyajua vizuri, na angeweza kukueleza kwa saa nzima bila kumeza mate. Kumbuka kwamba aliyajua, maana ndiyo yaliyokuja kumwumbua.

Kazini walimwita Kitana. Kazi yenyewe aliipata kwa bahati, kama ni bahati. Alikwenda kuomba kazi ya kupokea simu katika kituo cha kutibu watoto wa sili, wale wanaookotwa ufukweni wakiwa wagonjwa au wamepotezana na mama zao. Nafasi ya simu ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Wakamwuliza kama anaogopa wadudu. Akasema haogopi, akidhani wanaulizia mende wa ofisini. Miaka ishirini na mmoja baadaye alikuwa bado yupo, na simu ilikuwa inapokewa na mtu wa nne.

Mumewe aliondoka mwaka wa tatu wa kazi ile. Alisema haondoki kwa ajili ya chawa, na alikuwa akijikuna wakati anasema. Kitana mwenyewe ndiye aliyependa kusimulia habari hiyo, na kila mara aliigiza ule mkuno. Alikuwa na tabia ya kujicheka kabla hujamcheka. "Mimi ni bingwa wa dunia," alikuwa akisema, "kwa sababu wenzangu wote wamekataa kushindana." Lakini usidanganyike. Chini ya mzaha ule palikuwa na kiburi cha kutosha watu wawili. Kitana hakosei hesabu: hilo lilikuwa neno la kituo kizima, na ndilo alilolalia na kuamkia.

Kazi ilikwenda hivi. Mtoto wa sili akipokelewa, na tena kila wiki baada ya hapo, alilazwa kwenye beseni kubwa la maji ya bahari. Kitana alimchana taratibu kwa kitana cha chuma chenye meno membamba, kuzunguka macho, kwenye pua, chini ya shingo, kwenye mapezi ya nyuma. Chawa walianguka majini. Alipomaliza, aliwakusanya kwa chujio, akaketi kwenye hadubini yake dirishani na kuwagawa katika fomu yenye safu mbili, HAI na WAFU. Anayetikisika ni hai. Aliyechokozwa kwa sindano mara mbili na bado katulia, huyo ni mfu. Walio hai walitiwa kwenye chupa za spiriti kwa uchunguzi. Wafu, ambao kila mara ndio waliokuwa wengi, hawakuwa na kazi tena, kwa hiyo Kitana aliwamwaga kwenye sinki pamoja na maji yaliyobaki. Sinki lilitoa maji kwenye mfereji wa zege uliopita nyuma ya jengo, kando ya vizimba vya wagonjwa. Taulo za kazi alizikamua na kuzianika kwenye vyuma vya vizimba hivyohivyo, maana hapo ndipo penye jua.

Vizimba vilikuwa chini ya mlishaji, mtu mkubwa wa mwili, mpole, mwenye sauti ya chini, aliyeitwa Baba Ndoo kwa sababu hujapata kumwona bila ndoo. Alilisha, akasugua, akamwagia dawa, akasugua tena. Na bado mtoto wa sili aliyetoka kwenye beseni Jumatatu akiwa msafi, Jumatatu iliyofuata alirudi akiwa na chawa wapya. Mtoto mgonjwa akinyonywa damu hanenepi, na asiponenepa harudishwi baharini. Daktari wa wanyama, ambaye ndiye mkuu wa kituo, alianza kuuliza: chawa hawa wanatoka wapi?

Kitana alikuwa na jibu. Miezi mitatu mfululizo, mwishoni mwa ripoti yake, aliandika kwa mwandiko wake mzuri: Usafi wa vizimba hauridhishi.

Jumatatu moja Baba Ndoo akapewa barua. Ilisema kwamba Ijumaa watakuja wajumbe watatu wa bodi kukagua, na kama vizimba vitakutwa na chawa, itabidi atafutwe mlishaji mwingine. Baba Ndoo aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, akaendelea kusugua. Kitana alimwona kutoka dirishani. Alijisikia vibaya kidogo, kisha akajiambia kwamba yeye anahesabu tu, na hesabu haina ubaya na mtu.

Jumanne jioni alikuwa katikati ya safu ya wafu, amefika thelathini na mmoja, alipoitwa mbio kumshika mtoto wa sili aliyekuwa amejinasa pezi kwenye wavu wa mlango. Purukushani ile ilimaliza jioni yote. Akaenda nyumbani akisahau kisahani chake cha kioo mezani, na ndani yake wafu thelathini na mmoja juu ya karatasi mbichi.

Jumatano asubuhi wafu walikuwa tisa.

Kitana alihesabu tena. Akapata tisa. Akafuta miwani, akahesabu mara ya tatu, na mara hiyo akapata wanane, kwa sababu mmoja alikuwa njiani kuondoka. Alikuwa anapanda ukingo wa kisahani polepole, mnene, wa kahawia, kama mtu aliyeamka usingizi wa mchana na anatafuta viatu. Waliobaki Kitana aliwapata mmoja mmoja: kwenye hadubini, chini ya fomu, ndani ya kasha la miwani, na mmoja kwenye ukingo wa kikombe chake cha chai ambacho alikuwa ameshakinywea.

Alikaa chini. Halafu akafanya kile ambacho angeweza kukifanya siku yoyote katika miaka ishirini na mmoja. Aliwachukua wale walioamka akawatumbukiza majini. Wote wakatulia. Aliwachokoza kwa sindano, mara mbili, mara kumi. Kimya. Akawatoa, akawalaza kwenye karatasi mbichi, akasubiri. Baada ya dakika ishirini hivi wa kwanza akakunjua mguu.

Mnyama anaishi baharini. Chawa anaishi juu ya mnyama. Anazama naye kila siku ya maisha yake. Na Kitana, bingwa wa dunia, aliamini kwamba chawa huyo hufa kwa kuogeshwa kwenye beseni. Mtoto wa darasa la kwanza angeuliza, lakini hakuna mtoto wa darasa la kwanza aliyewahi kuajiriwa pale.

Kisha akatazama nje ya dirisha. Aliuona mfereji. Kila mara alikuwa akiuona, lakini siku hiyo aliufuata kwa macho, kutoka kwenye bomba la sinki lake, kupita ukutani, mpaka kando ya vizimba, ambako watoto wawili wa sili walikuwa wamelaza videvu ndani ya mfereji kwa sababu ya ubaridi wake. Juu yao taulo zake zilikuwa zinapepea. Basi chawa hawakuwa wanatoka kwenye uchafu wa mtu yeyote. Alikuwa anawachana yeye, anawahesabu yeye, anawaandikia cheti cha kifo, kisha anawarudishia watoto walewale kwa mkono wake. Na Baba Ndoo alikuwa amepiga magoti palepale, anasugua.

Wazo la kwanza lililomjia halikuwa zuri, na sitamfichia. Aliwaza kwamba anyamaze, aanze kuwamwaga wafu kwenye spiriti, aanike taulo kwingine, na baada ya wiki chache chawa wataisha bila mtu kujua. Lakini wiki chache hazikuwepo. Ijumaa ilikuwa keshokutwa, chawa walikuwa tayari kwenye vizimba, na barua ilikuwa mfukoni mwa Baba Ndoo.

Jioni hiyo aliingia saluni na hakupita kwenda chumbani. Dada yake alikuwa amemaliza nusu ya kichwa cha mteja mmoja, karani wa posta. Nusu ya pili ilikuwa imesimama wima.

"Dada," Kitana akasema, "chawa hawafi maji."

Draya ikazimwa. Karani wa posta alimtazama msusi kwenye kioo, msusi akatazama amri nyuma ya mlango.

"Si wa hapa," dada mkubwa akamwambia mteja haraka. "Ni wa baharini huko. Tulia, mpenzi, usitikise kichwa." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Na wewe, ndiyo nini hii? Nani alikwambia wanakufa?"

"Mimi mwenyewe. Nimeandika hivyo miaka ishirini na mmoja."

"Hee." Dada aliweka chanuo chini. "Kila mama anayeniletea mtoto hapa namwambia: usimwoshe kichwa ukadhani umemaliza. Wakiingia maji wanajifanya maiti. Ukimkausha tu, wanaamka. Msusi gani hajui hilo?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza lini? Humu ndani hatuzungumzi chawa."

"Amri umeiandika wewe."

"Na wewe ukaitii," dada akasema. "Katika mambo yote niliyokwambia tangu tukiwa wadogo, hilo ndilo umeona utii. Niliposema usiolewe na yule mtu ulinisikiliza?"

Karani wa posta alicheka mpaka msusi akalazimika kumshika mabega. Kitana naye akacheka, maana alikuwa amezoea, lakini katikati ya kicheko akaketi kwenye benchi la wanaosubiri. Akawaeleza habari ya Baba Ndoo na barua yake. Dada alichukua chanuo akaendelea na ile nusu ya pili.

"Utasema?" akauliza mwishowe.

"Nikisema, sina jina tena pale."

"Jina gani? Si wanakuita Kitana?"

Usiku alilala kwa taabu, na Alhamisi kutwa nzima alifanya kazi bila kumtania mtu. Kabla ya kutoka aliwatumbukiza chawa ishirini kwenye chupa ya maji ya bahari, akaifunika kwa kitambaa, akaandika juu yake: Msimwage.

Ijumaa saa nne wajumbe wa bodi walifika: mwalimu mkuu mstaafu, mfamasia, na mama mmoja mwenye buti mpya ambazo hakutaka zilowe. Daktari aliwatembeza. Baba Ndoo alikuwa amevaa ovaroli safi iliyopigwa pasi mpaka kwenye makalio, na amesimama kando ya vizimba na ndoo yake. Kitana alikuwa nyuma ya daktari, na kwa mara ya kwanza alikuwa karibu vya kutosha kuiona mikono ya mtu yule. Dawa ya kusafishia ilikuwa imempasua viganja, ngozi imefanya mistari myekundu kati ya vidole.

Mfamasia aliinama, akafungua kope la mtoto mmoja wa sili kwa kidole gumba. "Yupo," akasema. "Na mwingine huyu."

Daktari alishusha pumzi, akafungua faili. "Kama mlivyosoma kwenye ripoti za mtaalamu wetu," akaanza.

"Ripoti ni yangu na kosa ni langu," Kitana akasema. Alikuwa amepanga kuanza kwa utangulizi mrefu wenye mzaha mmoja, lakini maneno yalitoka yenyewe. "Huyu bwana vizimba vyake ni visafi. Mimi ndiye ninayemwaga chawa humu. Naomba mje dirishani kwangu."

Wakaenda, wote sita, Baba Ndoo akiwa wa mwisho na ndoo yake. Kitana alieleza habari ya beseni, sinki na mfereji. Kisha akachuja ile chupa, akawalaza chawa ishirini kwenye karatasi mbichi, akawachokoza mmoja mmoja. Hakuna aliyetikisika.

"Wamekufa," alisema mwalimu mkuu.

"Ndivyo nilivyokuwa nikiandika. Tusubiri dakika ishirini."

Dakika ishirini ni ndefu sana mkiwa watu sita mmezunguka kisahani mkitazama maiti za chawa. Mama wa buti alitazama saa. Mfamasia alikohoa. Kitana, ambaye hakuweza kuvumilia kimya, akawaambia kwamba haya ndiyo mazishi ya heshima kuliko yote chawa hawa waliyowahi kupata, na hakuna aliyecheka. Dakika ya ishirini ikafika, ikapita. Ya ishirini na tano ikapita. Alikuwa amewaacha majini tangu jana jioni ili ushahidi uwe mzito, na kichwani mwake haikuingia kwamba aliyezama muda mrefu zaidi atachelewa zaidi kuamka. Sasa aliwaza kwamba amewaua kweli, wote ishirini, mara ya kwanza katika maisha yake, na siku ya leo.

"Bibie," mwalimu mkuu alisema kwa upole, "labda uliona vibaya."

Daktari alifunga faili. Mama wa buti alikwisha kugeukia mlango.

"Ngojeni kidogo," akasema Baba Ndoo.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya meza, kama alivyozoea kupiga magoti, uso wake uko sawa na kisahani. Walimsubiri kwa sababu alisema polepole sana hata ikawa aibu kumkatalia.

"Yule pale," akasema. "Wa pembeni. Kakunja mguu."

Wakainama vichwa vikagongana. Wa pembeni alikunja mguu wa pili. Halafu jirani yake. Baada ya robo saa nyingine kumi na wanne walikuwa wanatembea, na mama wa buti alikuwa amesimama juu ya kiti.

Barua ilifutwa mchana uleule. Daktari alimwita Kitana ofisini, akamwonyesha kabati la mafaili, miaka ishirini na mmoja ya safu mbili, akamwuliza sasa ile safu ya pili waifanye nini. Kitana akasema wanaweza kubadilisha kichwa chake, badala ya WAFU waandike WALIOLALA. Daktari hakutaka kucheka, akacheka, kisha akamwambia kwamba kila faili litaandikwa maelezo kwa mkono, na mkono wenyewe ni wa Kitana. Mafaili yalikuwa mia mbili na kitu. Alitoka pale akiwa mwepesi. Alikuwa ameogopa aibu kwa siku tatu, na aibu ilipofika alikuta anaifahamu vizuri sana, maana alikuwa akijitania nayo miaka yote.

Lililomuuma lilikuja baadaye, alipomfuata Baba Ndoo kumwomba radhi. Alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anajipaka mafuta viganjani.

"Nimekosa sana, Baba Ndoo. Naomba unisamehe."

"Kukosea si kitu, dada. Hata mimi sikujua wanaamka." Alisugua mafuta kati ya vidole. "Lakini nataka kukuuliza. Ulipokuwa ukiandika hauridhishi, miezi mitatu ile, ukiacha kuja kuanika taulo, uliwahi kuja kuviangalia hivi vizimba?"

Kutoka dirishani kwake mpaka pale ni hatua kumi na mbili. Kitana alizihesabu kwa macho, kwa mazoea tu.

"Hapana," akasema. Hakupata mzaha wa kuongeza.

"Ndiyo hilo tu," alisema Baba Ndoo, akaendelea na mafuta yake.

Nyumbani, karatasi ilikuwa bado nyuma ya mlango, lakini Kitana alipoingia jioni ile dada yake alimwita mbele ya benchi zima la wateja. "Haya, njoo useme. Wale maiti waliamka hawakuamka?" Kitana alisimulia yote, akamwigiza mama wa buti juu ya kiti, wateja wakavunjika mbavu. Swali la Baba Ndoo hakulisimulia. Hilo alilibakiza, akaingia nalo chumbani.

Jumatatu alifika kituoni saa moja asubuhi, kabla ya wengine. Alivua koti lake jeupe, akavaa ovaroli ya kuazima iliyomvuka vidole, akaenda vizimbani akamwomba Baba Ndoo brashi. Baba Ndoo alimtazama, akampa, akamwonyesha kizimba cha mwisho. Kitana alimwagia dawa akapiga magoti. Alisugua sakafu, kuta na mfereji kwa muda wa saa nzima. Magoti yalimwaka moto, dawa ikamwingia kwenye mkwaruzo wa kidole, na mtoto wa sili wa kizimba cha jirani alimtazama muda wote kwa yale macho ya mtu anayetaka kuazima kitu. Alipomaliza alisimama, akajinyoosha mgongo, akaona kazi ni nzuri.

Baba Ndoo alikuja taratibu na ndoo yake, akaipokea brashi. Aliinama, akapitisha kidole kwenye pembe, chini kabisa pale vyuma vinapokutana na zege, akakiangalia kidole, akakifuta kwenye ovaroli.

"Hauridhishi," akasema, akamrudishia brashi.

Kitana akapiga magoti tena.